Pumzika Kabla Hujachoka: Namna ya Kuigawa Seti ya Chuma

Tafuta chuma ambacho una hakika wakinyanyua mara sita ukiwa umelala chali kwenye benchi, na ya saba hukiwezi. Weka mtu wa kukusimamia, simamisha simu pembeni irekodi video, kisha piga hizo sita mfululizo kama kawaida yako; hiyo ndiyo seti moja. Pumzika dakika tano kamili. Halafu rudi kwenye chuma kilekile, mara sita zilezile, ila safari hii kila ukinyanyua mara moja kirudishe kwenye stendi, kiachie, hesabu sekunde 20, ndipo ukishike tena. Sasa tazama video zote mbili. Katika ile ya kwanza, rudio la tano na la sita, yaani kunyanyua kwa mara ya tano na ya sita, yanapanda kwa shida, kiwiko kimoja kinatangulia, makalio yanainuka kutoka kwenye benchi. Katika ile ya pili, la sita linakaribiana sana na la kwanza, na hapo ni baada ya kwamba ulishafanya kazi nzima ya seti iliyotangulia. Kilo hazikupungua, idadi haikupungua. Kilichobadilika ni mahali ulipoyaweka mapumziko yako.

Nafundisha unyanyuaji wa vyuma kwenye ua mmoja wa Majengo, Mombasa, nyuma ya karakana za mafundi, na kila mgeni nampitisha kwenye jaribio hilo kabla ya kumfundisha lolote jingine. Wengi wanakuja wakijua kupumzika baina ya seti na seti. Kupumzika ndani ya seti hawajawahi kuambiwa, na wakimwona mtu ameweka chuma chini baada ya mara moja wanadhani kimemshinda. Kijana mmoja wa Kisauni aliniuliza kwa uchungu, "Kochi, mbona wanikatiza na bado n'na nguvu?" Nikamwambia, nakukatiza kwa sababu bado una nguvu.

Sababu yake iko ndani ya msuli. Kazi nzito ya ghafla hutumia nishati iliyo tayari mle mle msulini, ile inayoitwa ATP, ambayo ni kidogo mno na yatosha sekunde chache tu. Inayoijaza upesi ni kreatini fosfeti, akiba nyingine iliyomo msulini. Hiyo nayo, ukijituma kwa nguvu zote, hupungua sana ndani ya sekunde kumi hivi, na seti ya mara sita kwa chuma kizito hupita hapo kwa urahisi. Kuanzia hapo msuli hutegemea zaidi kuvunja sukari yake haraka haraka, na mabaki ya kazi hiyo, fosfeti na asidi, hujikusanya na kuzifanya nyuzi za msuli zivute kwa unyonge. Juu ya hayo, msuli uliokazwa sana huibana mishipa ya damu iliyomo ndani yake. Muda wote umekaza, oksijeni haiingii vizuri na taka hazitoki vizuri.

Ukiachia, damu hupita. Karibu nusu ya kreatini fosfeti iliyotumika hurudi ndani ya nusu dakika hivi, na iliyobaki huchukua dakika tatu hadi tano. Kurudi huko kunahitaji oksijeni, na msuli uliojaa asidi huifanya kazi hiyo polepole. Ndiyo maana sekunde 20 ulizopumzika baada ya rudio la kwanza zina faida kubwa kuliko sekunde 20 zilezile baada ya rudio la sita lililokukamua. Anayengoja mpaka achoke ndipo apumzike huulipia uchovu ule muda mrefu zaidi.

Lakini yote haya yanategemea kuachia kweli. Hapa ndipo ninapogombana na vijana kila jioni. Mtu anachuchumaa na chuma mabegani, anasimama, halafu anabaki amesimama nacho huku anahema, anasema anapumzika. Hapumziki. Tazama mashavu ya miguu yake yanavyotetemeka, tazama kiuno kilivyokaza, tazama vidole vilivyokumbatia bomba hadi kucha zimekuwa nyeupe. Mgongo na tumbo vinaendelea kubeba kilo 80 huku yeye anahesabu sekunde. Chuma kirudi kwenye stendi. Viganja vifunguke, mabega yashuke, pumzi mbili tatu zitoke mpaka mwisho. Kama wavuta chuma kutoka chini, kiache kilale kwenye sakafu, simama wima, rudi nyuma hatua moja, kunja na kukunjua vidole, kisha kiendee upya na ujipange kama unayeanza. Vidole ndivyo vinavyochoka mwanzo kwenye zoezi hilo, na mapumziko haya mafupi huvinusuru kuliko poda yoyote ya mkononi.

Jingine la kutengeneza mapema ni uzito wenyewe. Vyuma vyetu vingi ni vya kujitengenezea, bomba la chuma na mikebe ya rangi iliyojazwa zege. Mkebe mmoja ukipata kokoto nyingi kuliko mwenziwe, bomba linalalia upande, nawe utadhani mkono wa kushoto ndio mchovu kumbe ndio uliobeba zaidi. Mikebe yetu tuliipeleka kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma kuukuu, na miwili tuliyoiamini kuwa sawa ikapishana karibu kilo mbili. Tuliongeza simiti kwenye ule mwepesi, tukapima tena, tukaandika kilo kwa rangi nyeupe ubavuni mwa kila mkebe. Usipojua kilo zako huwezi kujua kama mapumziko yanakusaidia.

Sasa namna ya kupanga. Anza na rudio moja moja. Chuma chako cha mara sita, rudio moja, weka, sekunde 20, mpaka zitimie sita. Hiyo ni seti moja, nayo huchukua kama dakika mbili. Pumzika dakika mbili na nusu, fanya seti mbili nyingine hivyo hivyo. Zoezi zima halifiki robo saa, nawe umenyanyua mara 18 zilizo safi. Fanya hivi wiki mbili kwenye zoezi moja tu, lile unalolijali zaidi. Usiyageuze mazoezi yote kwa mara moja, hutajua kipi kilichokufaa.

Ukishazoea, nenda mbili mbili: mbili, sekunde 30, mbili, sekunde 30, mbili. Mimi huu ndio mpango ninaoupenda kwa benchi, kwa kuwa kutoa chuma kwenye stendi na kukirudisha ndiyo sehemu yenye hatari. Mabega yako nyuma, mikono imenyooka, na mtu anatafuta ndoano za stendi kwa macho. Kukirudisha mara sita ni kuikaribisha hatari hiyo mara sita. Mbili mbili unairudia mara tatu tu, na nafuu ya msuli bado ni kubwa. Kwa vyovyote, kwenye benchi asikosekane mtu wa kusimama kichwani pako, na mkubaliane kabla nani anasema "toa" na nani anasema "weka".

Mpango wa tatu ni wa ua uliojaa watu na bomba moja, yaani ua kama wetu. Chukua mtu anayefanya seti nne za mara sita, dakika tatu baina ya seti. Hapo ana marudio 24 na dakika tisa za mapumziko. Ukizivunja seti zile kuwa mbili mbili unapata mafungu 12, na zile dakika tisa zikigawanywa kwenye nafasi 11 zilizo baina yake, kila nafasi inapata sekunde 49. Kazi ni ileile, muda ni uleule, lakini hakuna fungu hata moja linalokufikisha kwenye la tano na la sita la kujikokota. Watu watatu wenye nguvu zinazokaribiana wakipokezana bomba, kila mmoja akafanya mbili na kutoka, foleni yenyewe inampa kila mtu mapumziko yake bila ya saa. Wapange kwa nguvu, si kwa urafiki. Ukimchanganya wa kilo 50 na wa kilo 90, muda wote utaishia kwenye kubadilisha mikebe.

Sekunde ngapi hasa? Tano zatosha kuvuta pumzi na kujipanga, basi. Kati ya 10 na 15 viganja na mgongo vinapata ahueni, na ndizo ninazotumia kwa mazoezi mepesi yasiyo na chuma. Kati ya 20 na 30 ndipo nguvu inaporudi kwa kiasi cha kuonekana kwenye video. Ukipita 45 baada ya rudio moja moja, muda unakwenda mrefu na mwili unaanza kupoa. Muda huo uwaachie wanaonyanyua karibu na kikomo chao kabisa. Na zihesabiwe kwa saa ya simu. Mtu mwenye hamu hesabu yake ya kichwani hukimbia, na aliyechoka hesabu yake hulala.

Kuna swali ambalo kila anayesoma kidogo huniuliza: je, uchovu wenyewe si ndio unaojenga? Ni swali la haki, na majibu hayakwenda upande mmoja. Mwaka 1994 watafiti wa Australia walichapisha jaribio la watu 42 kwenye misuli inayokunja kiwiko. Wapo walionyanyua mfululizo mara sita hadi kumi, na wapo waliopumzika sekunde 30 baina ya kila rudio. Baada ya wiki sita, waliofanya mfululizo walizidi nguvu kwa wastani wa asilimia 56, waliopumzika asilimia 41. Kisha mwaka 2002 ukachapishwa utafiti wa Uingereza juu ya misuli ya mbele ya paja: kundi moja likachoshwa, jingine likapumzika sekunde 30 baada ya kila rudio, na baada ya wiki tisa nguvu zao hazikupishana kwa kiasi cha maana. Mwaka uliofuata, 2003, mtafiti Greg Haff na wenzake walipima kasi ya chuma kwa wanyanyuaji na wanariadha wa uwanjani. Walipopumzika sekunde 30 baina ya marudio matano, chuma kilipanda kwa kasi kubwa kuliko walipoyafanya matano yale mfululizo.

Mimi nayasoma hivi. Ukitaka kasi na nguvu ya kulipuka, au unajifunza zoezi gumu, au unanyanyua kizito sana, gawa seti. Ukitaka misuli ijae, au msuli uzoee kuvumilia kazi ndefu, usijipe starehe hiyo kila siku, kwa kuwa seti ya mfululizo iliyokaribia kushindwa ina kazi yake. Njia ya katikati ipo kwa wanaotaka kujaa: piga seti mpaka ubakiwe na nguvu ya rudio moja tu, weka, sekunde 15, ongeza mbili tatu, weka, sekunde 15, ongeza nyingine mbili. Hapo mapumziko yanakuongezea kazi juu ya uchovu, hayaukwepi. Ni kali. Mara moja kwa wiki kwa kila msuli yamtosha mtu wa kawaida, na isifanywe kwenye kuchuchumaa wala kuvuta kutoka chini, maana mgongo uliochoka haukupi onyo.

Faida niliyoiona kubwa kuliko zote imewafikia wasiobeba chuma kabisa. Mama mmoja wa Tudor, anayekanda mahamri kila alfajiri, alikuja akiweza presapu nne. Ya tano kiuno kilizama na shingo ikatangulia sakafuni. Kwa mtindo wa kawaida angelifanya nne, akangoja, tatu, akangoja, mbili mbovu, akaenda zake. Nilimpa mbili, sekunde 15 amepiga magoti na mikono imelegea mapajani, mbili tena, mpaka zikatimia kumi. Kumi zote zilikuwa sawasawa: kifua mpaka chini, kiuno kimenyooka. Alitazama mikono yake, akasema, "Kumbe zilikuwamo." Wiki zilizofuata hatukuongeza idadi. Tulipunguza sekunde, kutoka 15 hadi 10, kutoka 10 hadi tano, mpaka mapumziko yakaisha na zile kumi zikabaki. Kama una mke, dada au mzazi anayesema hawezi presapu, mwanzishe hivi.

Wapo pia wanaokuja wakiwa wameshachoka. Tuna vijana wa mkokoteni na wapakuzi wa magunia pale Kongowea, na mtu aliyeshinda chini ya gunia hana haja ya kuongezewa uchovu jioni. Anachohitaji ni kuilinda nguvu aliyo nayo na kufunza mgongo kunyanyuka vizuri. Hao nawapa rudio moja moja, sekunde 30, marudio manane hadi kumi kwa zoezi, mazoezi mawili, waende nyumbani. Nimekuwa mkali juu ya hilo na sitalegeza. Kumkamua mtu ambaye kesho saa kumi na moja alfajiri atabeba kilo 90 kwenye ngazi za lori ni kumwekea maumivu.

Namna ya kujua uchovu umeingia hata ukiwa umegawa: tazama kasi. Mwenzako ahesabu kwa sauti "moja, mbili" chuma kinapopanda. Rudio la kwanza likimalizika kwenye "moja" na hili la sasa likamalizika baada ya "mbili", simama. Ongeza sekunde kumi kwenye mapumziko. Likirudi kuwa zito tena, siku hiyo imekwisha kwa zoezi hilo. Sikio nalo linasaidia, kwani pumzi inayotoka kwa kukoroma, au bomba linalogonga ndoano moja kabla ya nyingine, hutangulia kukwambia kabla mwenyewe hujakubali. Usingoje msuli uungue. Kwenye seti zilizogawanywa msuli huenda usiungue kabisa, na bado kazi imefanyika.

Joto la hapa kwetu lina hesabu yake. Februari na Machi, kaskazi ikilegea na hewa imejaa unyevu, jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Uchovu wa aina hiyo ni wa mwili mzima, na sekunde 20 za kuachia chuma haziuondoi. Moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa. Fanya baada ya alfajiri au baada ya magharibi, sogeza benchi mahali upepo unapopita, kunywa maji kidogo kidogo kabla ya kiu, na dafu moja baada ya mazoezi si anasa. Siku za joto kali naongeza mapumziko ya baina ya seti hadi dakika nne na kuondoa seti moja, ile sekunde 20 ya ndani naiacha ilivyo. Ukipata kizunguzungu, baridi ya ghafla, kichefuchefu au kuchanganyikiwa, acha, lala kivulini, jimwagie maji, na mtu asikuache peke yako. Kuchanganyikiwa ni dharura, apelekwe hospitali.

Ramadhani nawaambia wafanye baada ya tarawehe, wakiwa wamekula na kunywa, na rudio moja moja kwa mwezi mzima. Chuma kisipunguzwe sana, idadi ipunguzwe kwa theluthi moja. Nguvu hukaa vizuri kwa mpango huo na Idi mtu anarudi alipoachia.

Wenye presha, soma hapa taratibu. Kubana pumzi huku unasukuma kizito hupandisha shinikizo la damu kwa kiasi kikubwa, na katika seti ndefu ya mfululizo linazidi kupanda kadiri uchovu unavyoingia. Kugawa seti kunakupa nafasi ya kutoa pumzi kila mara, lakini hakumponyi mtu wala hakumpi ruhusa. Daktari kwanza, chuma baadaye, na pumzi itoke chuma kinapopanda.

Mwisho, mpango wa wiki sita kwa anayeanza leo, siku mbili kwa wiki kwa zoezi lile moja. Wiki ya kwanza na ya pili, seti tatu za rudio moja moja, sekunde 20. Ya tatu na ya nne, mbili mbili kwa sekunde 30, na kama fungu la mwisho bado linapanda kwa kasi ongeza kilo mbili na nusu. Ya tano, tatu tatu kwa sekunde 30. Ya sita, seti mbili tu siku ya kwanza, kisha siku tatu bila kugusa zoezi hilo. Baada ya hapo chukua chuma kilekile ulichoanzia, simu pembeni, mtu kichwani, upige mfululizo bila kukiweka. Ukifika saba au nane, andika kwenye daftari, ongeza kilo tano, na hicho kiwe chuma chako kipya cha kugawa. Ukibaki kwenye sita, tazama video: kama la sita sasa limenyooka na halikukokotwa, nguvu imeongezeka, basi ongeza kilo mbili na nusu uendelee. Kama la sita bado linakokotwa, rudia wiki mbili za mwanzo kwa sekunde 30 badala ya 20.